KIFUNGO NA RUFANI: LINALOFAA KUTENDWA KABLA YA HUKUMU

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka na mwanachama aliyekuwa karani wa mahakama



 Halmashauri iliponiandikia barua kuniomba niseme machache juu ya mambo ya korti, nilijiuliza niseme lipi na niache lipi. Kisha nikafungua daftari la misaada ya chama chetu. Nikaona kwamba mbali na mazishi, karo za shule na gharama za hospitali, kuna mlango mwingine ambao fedha zetu hutokea, nao ni michango ya kumkatia rufani kijana aliyefungwa. Nami niliyekaa kortini miaka mingi, nikiandika na kupanga majalada kabla ya kustaafu, najua kwamba fedha za namna hii mara nyingi hutolewa wakati wake umekwisha kupita. Kwa hiyo nimechagua kusema juu ya jambo hili moja: mtu akiona kifungo alichopewa ni kikubwa mno, korti ya juu hukitazama kwa jicho gani? Na sisi tulio nje twaweza kumsaidia vipi?

Nitaanza na kisa ambacho baadhi yenu mnakijua. Mwenye kisa ameniruhusu nikieleze, ila jina lake na jina la mahakama nitayaacha.

Miaka kadhaa iliyopita, mwana wa mmoja wetu alikamatwa pamoja na vijana wenzake wawili kwa wizi wa ng'ombe. Alikuwa na umri wa miaka 19, wala hakuwahi kushitakiwa tangu azaliwe. Jamaa zake hawakuweza kupata dhamana, akakaa rumande miezi 11. Mwisho akakiri kosa. Hakimu akamwuliza, kama sheria inavyotaka, iwapo ana neno la kusema kabla ya kuhukumiwa. Kijana akainama akatazama miguu yake. Katika jalada yakaandikwa maneno machache tu, kwamba mshitakiwa hana la kusema. Akafungwa miaka 7.

Sasa sikilizeni yale ambayo hayakuandikwa. Baba yake kijana alikuwa amekwisha kwenda kwa mwenye ng'ombe pamoja na wazee wawili wa kijiji. Alimwomba radhi, akampa mtamba badala ya ng'ombe aliyechinjwa, naye akampokea, akasema kwamba moyo wake umetulia. Tena kijana mwenyewe ndiye aliyewaonyesha polisi mahali ngozi ilipofichwa. Mambo haya yalijulikana kisimani na sokoni, na watoto wachunga mbuzi waliyajua. Mtu mmoja tu hakuyajua, naye ndiye aliyeshika kalamu ya kuandika hukumu.

Baada ya hukumu ndipo jamaa walipoamka. Walichanga fedha, na chama chetu kikaongeza. Fedha zile zikaingia mkononi mwa dalali mmoja wa pale nje ya korti, mtu aliyevaa tai na kubeba bahasha, akasema kwamba anajua njia. Siku 14 za kukata rufani zikapita. Miezi mitano ikapita. Dalali akahama mji. Hatimaye kijana mwenyewe, kwa msaada wa mfungwa mwenzake aliyejua kuandika, akapeleka ombi la rufani kwa mkono wa mkuu wa gereza, na jaji akakubali kulipokea ijapokuwa lilichelewa.

Siku ya kusikizwa nilikuwako. Kijana alisema habari za mtamba, za baba yake aliyekuwa mgonjwa, na za majuto yake. Jaji alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba wizi wa mifugo katika sheria yetu una kifungo kisichozidi miaka 14. Kwamba hakimu alikumbuka kuwa kijana hakuwa na kosa la nyuma. Na kwamba miaka 7 si kifungo ambacho mtu akikitazama atasema papo hapo kuwa kimepita kiasi. Habari za mtamba hazimo katika jalada, wala hakuna hati ya kuzithibitisha. Lakini akaona kosa moja: ile miezi 11 ya rumande haikuhesabiwa. Akaamuru kifungo kihesabiwe tangu siku kijana alipokamatwa. Kijana akarudi gerezani na miezi 11 mkononi.

Baba yake aliponiuliza nje ya korti, "Karani, jaji yule hana huruma?" nilimjibu, "Mzee, huruma anayo. Lakini hakuketi pale kwa kazi hiyo." Jibu lile lilimwumiza, nami halijanitoka moyoni hata leo. Kwa ajili yake nimeandika hotuba hii.

Ndugu zangu, wengi wetu hudhani kwamba rufani ya kifungo ni kuomba huruma mara ya pili mbele ya mtu mkubwa zaidi. Sivyo. Korti ya rufani haiulizi, "Kama ningalikuwa mimi, ningalimpa miaka mingapi?" Huuliza, "Je, yule aliyetoa kifungo hiki alikosea katika njia aliyoifuata?" Maswali haya mawili yako mbali sana, na asiyeijua tofauti yake atapoteza fedha na siku.

Kanuni hii ni ya zamani katika nchi zetu. Mwaka 1954 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la mtu aitwaye Ogola, iliipanga waziwazi. Ilisema kwamba haitabadili kifungo kwa sababu tu majaji wake wangalitoa kingine kilicho tofauti kidogo. Itaingia kati iwapo hakimu alifuata msingi usio sawa wa sheria, au alisahau jambo kubwa, au kifungo chenyewe ni kikubwa mno kwa namna iliyo dhahiri. Mwaka 1971, katika shauri jingine la hapa Kenya, likatajwa na jambo la nne, yaani hakimu kutia katika mizani jambo lisilohusika. Mahakama ile ya Afrika ya Mashariki ilikoma mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na Kenya ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani. Lakini kanuni haikukoma. Majaji wetu wanaifuata hata sasa.

Nitazame moja moja, maana hapa ndipo penye faida kwetu.

La kwanza ni kufuata msingi usio sawa. Mfano wake ni hakimu kutoa kifungo kinachozidi kile kilichowekwa na sheria, au kinachozidi uwezo wa cheo chake. Mfano mwingine ni kutoa adhabu ya mwisho kabisa kwa mtu aliyekiri kosa lake la kwanza, hali adhabu ya mwisho yafaa wale waliotenda kwa ubaya wa mwisho. Mwingine ni kumwongezea mtu kifungo kwa sababu alikataa kukiri na kutaka mashahidi waitwe. Kukataa ni haki yake. Anayekiri aweza kupunguziwa, lakini anayekataa haadhibiwi kwa kukataa.

La pili ni kusahau jambo kubwa. Hapo huingia umri wa mshitakiwa, ugonjwa, kuwa ni kosa la kwanza, fidia aliyolipa na msamaha wa aliyekosewa. Hapo pia huingia muda wa rumande. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya jinai, kifungu cha 333, yasema kwamba mtu aliyekuwa kizuizini kabla ya hukumu, muda ule hauna budi kuzingatiwa. Nimeona majalada mengi ambamo jambo hili lilisahauliwa. Mkumbuke hili hata mkisahau mengine yote ya leo.

La tatu ni kutia katika mizani jambo lisilohusika. Kama hakimu akiandika kwamba amezidisha kifungo kwa kuwa mshitakiwa anatoka mahali penye sifa ya wizi, hilo si jambo la kumbebesha mtu mmoja.

La nne ni kifungo kuwa kikubwa mno kwa namna iliyo dhahiri. Neno lenye nguvu hapa ni "dhahiri". Wazee wetu mnaielewa hoja hii kuliko mawakili. Mzee mmoja wa baraza akitoza mbuzi watano kwa kosa fulani, na mwingine angalitoza sita, hakuna atakayesema kwamba wa kwanza amekosea. Hizo ni busara mbili zilizo jirani. Lakini akitoza mbuzi 30 kwa kuku mmoja, hata mpita njia atasimama aulize kuna nini. Korti ya rufani haishughuliki na tofauti ya mbuzi watano na sita. Hushughulika na wale 30.

Yawezekana mtu aulize, kwa nini korti ya juu ijizuie hivi? Kwani jaji hana uwezo wa kuona vizuri zaidi? Sababu ziko mbili. Ya kwanza, hakimu ndiye aliyemwona mtu kwa macho. Alimwona mshitakiwa, akamsikia aliyeibiwa, akajua hali ya mahali pale. Jaji wa rufani, kwa kawaida, huona karatasi. Ya pili, kama kila jaji angeruhusiwa kuweka hesabu yake badala ya hesabu ya hakimu, basi hukumu ya kwanza isingekuwa hukumu. Ingekuwa bei ya kwanza sokoni, na kila mtu angengoja kupatana tena.

Lakini sheria haikumwacha hakimu bila kizuizi, na kizuizi hiki si kitu kidogo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa kila aliyepatikana na hatia haki ya kukata rufani au kuomba korti ya juu itazame upya shauri lake. Kumbukeni kwamba mwaka ule wa 1954 ambao kanuni niliyoitaja ilitolewa, nchi yetu ilikuwa katika Hali ya Hatari. Watu wengi mno waliwekwa kambini bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Mtu wa namna hiyo alikata rufani ya nini, naye hana hukumu iliyoandikwa? Kifungo chenye sababu zilizoandikwa chaweza kupimwa. Kisicho na sababu hakipimiki. Wazee waliopita katika kambi zile walituachia somo hili, nasi tusilipuuze.

Tena liko jambo jingine ambalo limewachanganya watu wengi miaka hii. Zamani, mtu aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kusudi alihukumiwa kifo bila hakimu kuwa na hiari yoyote. Tarehe 14 Desemba, 2017, Mahakama ya Upeo ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo, asiweze kupima hali ya mtu, ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wengi wa makosa mengine wakadhani kwamba mlango umefunguliwa kwa wote, na korti kadhaa zikaanza kupunguza vifungo vya namna nyingine. Mwezi Julai 2021 Mahakama ile ile ikaeleza kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la kuua kwa kusudi peke yake. Na mwezi Julai 2024 ikatoa uamuzi mwingine katika shauri la kunajisi mtoto. Mahakama ya Rufani ilikuwa imepunguza kifungo cha miaka 20 kikawa 15. Mahakama ya Upeo ikakirudisha kuwa miaka 20, ikasema kwamba kipimo cha chini kilichowekwa na Bunge hakiwezi kushushwa na korti kwa hiari yake. Kwa hiyo, mkiambiwa na mtu kwamba kila kifungo kirefu sasa chaweza kupunguzwa, mwulizeni kwanza: kosa ni lipi, na sheria yake yasemaje? Mahali ambapo Bunge limeweka kipimo cha chini, rufani ya ukubwa wa kifungo ina nafasi nyembamba sana.

Nisidhaniwe kwamba swali hili ni la Kenya peke yake. Marekani nao wamelipigania. Huko kulikuwa na kitabu cha vipimo vya vifungo ambacho majaji wa mahakama za serikali kuu walilazimika kukifuata. Mwaka 2005 Mahakama ya Upeo ya nchi ile ikasema kwamba vipimo vile vitakuwa shauri tu wala si lazima, na korti za rufani zitazame tu kama kifungo ni cha haki na kiasi. Mwaka 2007 likaja mbele yao shauri la kijana aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo la Iowa. Alijiunga na kundi la kuuza vidonge vya kulevya, lakini baada ya miezi michache akajitoa mwenyewe, akamaliza masomo, akafanya kazi ya ujenzi, akaanzisha biashara yake. Serikali ilipomfikia miaka kadhaa baadaye, akakiri. Kitabu kilisema afungwe miezi 30 mpaka 37. Jaji akamwacha nje chini ya uangalizi wa korti kwa miezi 36. Korti ya rufani ikaupindua uamuzi ule, ikaona ni mwepesi mno. Mahakama ya Upeo, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ikaurudisha, ikasema kwamba korti ya rufani haina budi kuuheshimu uamuzi wa jaji aliyemwona mtu, madhali ameeleza sababu zake.

Nimekitaja kisa hicho cha mbali kwa ajili ya jambo moja. Siku ya kuhukumiwa kwa kijana yule, mbele ya jaji zilikuwako barua nyingi za wazazi wake, jamaa zake, majirani zake, na watu waliofanya naye biashara, wote wakieleza tabia yake na bidii yake. Barua zile ziliingia katika jalada. Shauri lilipopanda juu, likashuka, likapanda tena, barua zilikuwa pamoja nalo. Kijana wetu wa mtamba hakuwa na barua hata moja. Hakukosa majirani wema, bali majirani wale walikuwa nyumbani wakingoja matokeo.

Basi, Bwana Mwenyekiti, nimefika penye neno langu lenyewe. Rufani ya kifungo hujengwa kabla ya kifungo kutolewa. Jaji wa rufani hupima kazi ya hakimu kwa yale yaliyowekwa mbele ya hakimu. Ni kweli sheria yaruhusu ushahidi mpya kupokelewa katika rufani, lakini kwa shida na kwa sababu maalum. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ile siku mshitakiwa aulizwapo, "Una la kusema?" naye akakaa kimya.

Tufanye nini? Nitasema kwa ufupi.

Kwanza, kijana wa mwanachama akishitakiwa, wazee wawili wateuliwe kufuata shauri lake. Kazi yao si kumtetea, maana hiyo ni kazi ya wakili. Kazi yao ni kuandika katika daftari tarehe aliyokamatwa, tarehe alizofikishwa kortini, muda aliokaa rumande, fidia iliyolipwa na nani alishuhudia. Kama aliyekosewa amepokea fidia kwa hiari yake, iandikwe hati, atie sahihi au kidole, na wazee watie sahihi. Hati hiyo ifike mbele ya hakimu kabla ya hukumu.

Pili, mshitakiwa au wakili wake aweza kumwomba hakimu aitishe taarifa ya afisa wa probesheni. Afisa huyu huja mpaka kijijini, huuliza chifu, jamaa, majirani na hata aliyekosewa, kisha humwandikia hakimu. Nimesikia ya kwamba mahali pengine afisa alipokuja watu walijificha, wakidhani ni mpelelezi. Huo ni ujinga unaofunga watoto wetu. Mpokeeni, mpeni kiti, mwambieni ukweli, mazuri na mabaya. Taarifa yake ndiyo mara nyingi humwonyesha hakimu kama mtu afaa kwenda gerezani, au kuwekwa chini ya uangalizi, au kupewa kazi ya kutumikia jamii, ambayo sheria ya mwaka 1998 yairuhusu katika makosa yanayostahili kifungo kisichozidi miaka 3.

Tatu, kifungo kikitolewa, hesabuni siku 14. Siku ile ile ombeni nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri. Nakala ikichelewa, wekeni karatasi inayoonyesha kwamba mliiomba mapema, kwa kuwa sheria humhurumia aliyecheleweshwa na nakala, haimhurumii aliyelala. Mfungwa asiye na wakili aweza kumkabidhi mkuu wa gereza ombi lake la rufani, naye wajibu wake ni kulipeleka. Hakuna dalali anayehitajiwa hapo. Fedha za chama zilipe nakala, nauli ya wazee na, zikitosha, wakili wa kweli mwenye ofisi na stakabadhi.

Nne, aliyekiri kosa mwenyewe ajue kwamba kwa kawaida hawezi kurudi kusema hakutenda. Rufani yake itakuwa juu ya uhalali na ukubwa wa kifungo tu. Tena, shauri lililoanzia kwa hakimu, ukubwa wa kifungo huishia Mahakama Kuu, isipokuwa kama Mahakama Kuu yenyewe ndiyo iliyokiongeza au kama hakimu alipita uwezo wake. Juu ya hapo, Mahakama ya Rufani husikiliza mambo ya sheria tu. Kwa hiyo, nafasi ni moja. Itumieni vizuri.

Tano, jihadharini. Sheria iliyompa jaji uwezo wa kupunguza, imempa pia uwezo wa kuongeza. Korti ikiona kifungo ni kidogo mno, kwa kawaida humwonya mkata rufani kwanza, ili ajue hatari iliyo mbele yake na aondoe rufani akitaka. Akionywa, asicheke. Nilipokuwa kazini nilimwona mtu aliyeingia na miaka 3 akatoka na 5, kwa kuwa alidhani onyo la jaji ni vitisho vya bure.

Mwaka jana mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniuliza nje ya mkutano: "Kwa nini fedha za wajane zitumike kwa wezi?" Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Namjibu hivi. Mwenye ng'ombe aliyeibiwa naye ni mwanachama wetu. Hatuombi mwizi aachwe bure. Twaomba apewe kipimo kinachomstahili, kwa sababu zilizoandikwa, na hakimu awe amejua habari zote, pamoja na machungu ya aliyeibiwa. Kijana wa miaka 19 anayepewa kipimo cha haki hurudi kwetu akiwa na deni lililolipwa. Anayepewa zaidi ya haki yake hurudi akiwa na deni analotudai sisi. Tena, gharama ya hati moja ya wazee, na nauli ya kuipeleka kortini, ni ndogo kuliko mchango mmoja tuliompa dalali yule. Tukifanya nilivyosema, fedha za wajane zitapungua kutoka, hazitaongezeka.

Kijana niliyemtaja ametoka gerezani. Yuko kati yetu, anafanya kazi ya useremala, na milango ya ukumbi huu ameitengeneza yeye. Baba yake hakuiona siku aliyotoka. Tulimzika mwaka mmoja kabla, na chama kilinunua jeneza. Sisemi kwamba barua tatu na hati moja zingalimrudisha mapema kiasi cha kumkuta baba yake. Sina haki ya kusema hivyo, maana hakimu angaliweza kuzisoma na bado akaona miaka 7 yafaa. Nasema tu kwamba angalikuwa amezisoma. Na kama angalizisoma asizipime, jaji wa rufani angaliliona kosa hilo kwa macho yake, kwa kuwa lingalikuwa limeandikwa.

Bwana Mwenyekiti, naomba halmashauri itafakari kuwateua wazee wawili wa kazi hii katika kila tawi kabla ya mkutano ujao. Wala wasiwe wasomi wakubwa. Yatosha wawe wakweli, waweze kuandika tarehe, na wasiogope kuketi katika benchi la korti tangu asubuhi hata jioni. Mimi mwenyewe, nikiwa bado na nguvu, niko tayari kuwafundisha namna ya kulisoma jalada.